"Wananchi hawana mwamko"? Tuhesabu kwanza safari za lori

Kuna sentensi moja ambayo ikishatamkwa kwenye kikao cha usafi wa jiji hili la Dar es Salaam, nusu saa inayofuata ujue imepotea: "Tatizo wananchi hawana mwamko, wapewe elimu." Inasemwa na afisa, na mfadhili, na mtangazaji wa redio. Inasemwa hata na mwananchi mwenyewe, akimaanisha jirani yake. Wiki hii nimeikuta tena, safari hii imechapwa kwenye andiko la mradi kama "changamoto kuu". Basi naandika hapa, ili siku nyingine niwe natuma linki tu.

Tuanze na rambo. Marufuku ya mifuko ya plastiki ilipoanza tarehe 1 Juni 2019, watu hawahawa tunaoambiwa hawana mwamko waliziacha upesi ajabu. Vikapu vikarudi sokoni, mifuko mbadala ikanunuliwa, maisha yakaendelea. Hakuna aliyepitia semina. Muuza nyanya hakuwa na rambo ya kukupa, basi. Lakini mlango wa uani ulibaki wazi: vile vifungashio vyepesi vya kufungia karanga na mikate. Navyo baada ya muda vikaanza kubeba nyanya. Mwamko wa mnunuzi ulikuwa uleule siku zote. Kilichobadilika ni kile muuzaji alichonacho chini ya meza.

Sasa taka. Chukua mtaa wa mfano: kaya 800, kila kaya watu wanne, kila mtu kilo 0.6 kwa siku. Ni makadirio, mitaa ya wenye nazo kama Masaki weka zaidi, uswahilini punguza kidogo. Hiyo ni kilo 1,920 kwa siku, tani 13.4 kwa wiki. Taka mchanganyiko zenye unyevu zina kama kilo 300 kwa mita moja ya ujazo, kwa hiyo una mita za ujazo 45 kila wiki. Lori la tani saba lililoongezwa mbao pembeni linabeba mita za ujazo 12 hivi. Safari nne kwa wiki, 17 kwa mwezi. Kama mtaa wenyewe uko Tegeta na dampo ni Pugu Kinyamwezi, kila safari ni kuvuka jiji zima, na foleni yake. Dizeli, vibarua wanne, ada ya dampo, tairi: tuweke shilingi 150,000 kwa safari bila kumpendelea mtu. Safari 17 ni 2,550,000. Ada ya taka ikiwa 3,000 kwa kaya, na kaya zote 800 zikalipa bila kukosa hata moja, unapata 2,400,000.

Rudia kusoma hapo. Wote wakilipa, bado hesabu haifungi, na hujamlipa anayezunguka kukusanya ada wala hujagusa klachi iliyokwisha.

Wakilipa asilimia 40 una 960,000, yaani safari sita na chenji. Nyumba iliyopaswa kuona gari kila wiki italiona baada ya siku kumi na nane, kumi na tisa. Mkandarasi wa kuzoa taka naye si mjinga: hizo safari sita atazipeleka barabara ya lami, kwenye maduka na nyumba za ghorofa wanakolipa, na vichochoro vitasubiri. Walioko vichochoroni wakigoma kulipa, tunawaandikia "hawana mwamko".

Tuangalie kiroba chenyewe. Kaya ya watu wanne inajaza kilo 17 kwa wiki. Kiroba kimoja cha unga cha kilo 50 kinazimeza na nafasi inabaki. Kwa siku kumi na nane ni viroba viwili vimejaa pomoni: maganda ya ndizi, vichwa vya samaki, makombo ya wali, pampas, na joto la Februari. Siku ya tatu kinanuka. Siku ya tano kina funza. Ikifika wiki, panya ameshatoboa chini na maji meusi yanatiririka. Nyumba ni ya vyumba sita, wapangaji sita, korido moja, uani choo kimoja na majiko. Hivyo viroba viwili kwa kila mpangaji, kumi na viwili jumla, vikae wapi? Jioni anapita kijana na mkokoteni, mia tano kwa kiroba. Mama hangoji kijae, anampa kiroba mara mbili kila wiki na haulizi kinakwenda wapi. Kwa mwezi ametoa 4,000, elfu moja zaidi ya ada rasmi. Huyo ndiye tunayesema hataki kulipia huduma. Analipia huduma anayoiona ikibeba kiroba mlangoni kwake.

Ninapokosa uvumilivu kabisa ni kwenye makorongo. Nenda kando ya mto Ng'ombe au Msimbazi, sehemu ambazo hazijajengewa kingo. Utaona taka zimeshuka ukingoni, utapiga picha, na picha itaingia kwenye wasilisho chini ya kichwa "tabia ya jamii". Hebu shuka uangalie. Chini kabisa kuna matairi. Juu yake sandarusi zilizojazwa mchanga na kifusi. Katikati nguo kuukuu na taka za nyumbani zilizoshindiliwa kwa miguu, na mbele mirunda imechomekwa kama uzio. Huo ni ukuta wa kuzuia mmomonyoko, uliojengwa na mtu ambaye kila masika anaona ukingo unasogelea jiko lake. Lori la kifusi linauzwa. Vizimba vya waya vya kujaza mawe hawezi kuvinunua. Mkokoteni wa taka ni bure, na wakati mwingine mwenye nyumba humlipa kijana aje amwagie pale. Kwa hiyo ukimletea mtu huyu kipeperushi kinachosema "tusitupe taka mtoni", atakipokea kwa heshima na kukusindikiza.

Ukuta wenyewe kwa kweli ni mbovu. Taka zinazooza zinasinyaa kwa miezi michache, ndani panabaki uwazi, maji yanaingia kwa nyuma, na mvua kubwa ya kwanza inaushusha wote kwa mpigo na kwenda kuziba kalavati la chini. Anayejaza pia anabana mto, na maji yanakwenda kula ukingo wa jirani ng'ambo. Dawa ya kiufundi inajulikana: asipewe taka, apewe kifusi, mchanga na sandarusi zilizoshonwa, na zipangwe kwa ngazi badala ya kusimamishwa wima. Lakini Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni, na afisa hawezi kupeleka kifusi rasmi kwa mtu ambaye rasmi hayupo pale. Hapa sina jibu safi, na siwaamini wenye jibu safi. Wanaosema "wahame tu" wakumbuke kwamba baada ya mafuriko ya Desemba 2011 watu walipewa viwanja Mabwepande, mbali na vibarua vyao vya mjini.

Cha kuchekesha, mali anayoihitaji mtu wa korongoni, yaani mchanga, tunaizalisha sisi wenyewe kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Tangu Desemba 2015, sherehe za Uhuru zilipogeuzwa siku ya kufanya usafi, ufagio wa pamoja umekuwa ndiyo sura ya ushiriki wa wananchi. Sina ugomvi na ufagio. Ugomvi wangu ni tope. Mtaro wa mita 100, upana sentimita 60, umejaa mchanga kimo cha sentimita 30: hiyo ni mita za ujazo 18, na mchanga uliolowa haupungui tani 1.6 kwa kila mita ya ujazo, kwa hiyo tani 29 au zaidi. Safari nne za lori, zaidi kidogo. Watu wanajitokeza na makoleo, wanazoa, wanalundika kwenye mdomo wa mtaro, viongozi wanapiga picha, saa nne maduka yanafunguliwa. Lori halikupangwa. Mvua ya kwanza inarudisha lundo lote mtaroni. Fanya hivyo mara tatu halafu ushangae kwa nini mara ya nne wamekuja wazee wawili na mjumbe.

Kama wewe ni mtendaji wa mtaa na unasoma hapa: usitangaze kuzibua mtaro kabla hujapata namba ya simu ya dereva. Huna lori? Zoa mita 20 tu, kwa toyo, ile pikipiki ya mizigo ya matairi matatu, zibebwe siku hiyohiyo. Na anza upande wa chini, maji yanakokwenda, usianze juu. Ukizibua juu unampelekea mtu wa chini zawadi.

Kutenganisha taka nitapita haraka, maana kila mradi mpya unakuja na yale mapipa ya rangi tatu. Mtu anatenganisha wiki mbili, siku moja anaona vibarua wanamwaga mapipa yote matatu kwenye lori moja, na habari imekwisha. Nuksi moja ambayo maandiko ya miradi huiruka: taka zinazooza ni zaidi ya nusu ya uzito, lakini lori hujaa kwa ujazo. Ukiondoa maganda yote umelipunguzia lori uzito, si safari kwa kiasi hichohicho. Kinachobaki ni nailoni, pampas, vitambaa na boksi, vitu vyepesi vinavyojaza nafasi. Makopo usiyahesabu, waokota makopo wameshayachukua kabla ya alfajiri. Na usisahau mchanga: Dar tunafagia uwanja wa mchanga, na ufagio unaingiza mchanga kwenye kiroba. Ukipeleka kwenye mboji utauza udongo. Lundo la mboji lisipungue mita moja kila upande ili lipate joto la nyuzi 55 na kuendelea, ligeuzwe kila wiki, masika lifunikwe turubai, na baada ya miezi miwili au mitatu lichekechwe. Kipande kimoja cha chupa kikimkata muuza miche mkononi, umepoteza mteja, na atawaambia wenzake wote wa barabara ile.

Niseme na hayo madodoso, kwa sababu ndiko "hawana mwamko" inakopewa namba. "Je, unaona usafi wa mazingira ni muhimu?" Nani atasema hapana mbele ya kijana aliyevaa fulana ya mradi? Karibu wote watasema ndiyo, halafu ripoti itasema kuna pengo kati ya uelewa na vitendo, halafu itapendekeza, haya nimalizie mwenyewe, elimu zaidi. Uliza vitu vyenye tarehe na mahali. Gari la taka mara ya mwisho lilipita lini? Taka za jana ziko wapi sasa hivi? Nani ndani ya nyumba hii hulipa, na kwa nani? Ukitaka kujua mafuriko yalifika wapi usiulize sentimita. Mtu atakuonyesha goti au kiuno chake, na alama ukutani, wewe upime. Unapopima taka za kaya kwa mizani, pima siku nane na utupe namba ya siku ya kwanza, maana hiyo ina viporo vya wiki nzima. Na ongea na mpangaji. Mwenye nyumba aliye Mbagala hajui kiroba cha nyumba yake ya Manzese.

Mikutano nayo ina lake. Ukiuitisha Jumatano saa nne asubuhi, mama ntilie yuko jikoni, bodaboda yuko kijiweni, machinga yuko Kariakoo. Utapata wastaafu, na wale wanaojua siku zenye posho. Majina arobaini yaliyosainiwa yataitwa ushirikishwaji. Dar ilianza Mradi wa Jiji Endelevu mwaka 1992, chini ya mpango wa Umoja wa Mataifa, na neno "wadau" tunalo tangu hapo. Nashindwa kuelewa kwa nini bado tunahesabu sahihi badala ya kuhesabu maamuzi. Jumapili saa kumi jioni, ajenda moja: huyu mkandarasi abaki au aondoke, na safari zake za mwezi huu ni hizi hapa ubaoni. Ijaribu hiyo uone kama utapata viti vya kutosha.

Elimu haina kazi basi? Ina kazi ndogo, ya vitu mahususi: sindano, betri, vioo kufungwa kwenye gazeti. Na takwimu zetu wenyewe za tani zinazozolewa siziamini sana, kwa sababu nyingi ni idadi ya safari mara uwezo wa lori, hata lori likiwa limejaa nusu.

Halafu kuna pampas. Mtoto mmoja, tatu kwa siku, tisini kwa mwezi, na siku hizi duka la mtaani linauza moja moja. Hazina mnunuzi, haziozi, haziwaki zikilowa, mbwa anazichana, na ndizo ninazozikuta kwenye kila kalavati lililoziba. Kila mpango wa taka niliousoma unaziita "taka nyinginezo".