Kupinduka si kuzama

Video ndefu za ajali za zamani zimepata wapenzi wengi hapa Mtwara. Wanaosubiri pantoni ya Msangamkuu wanamaliza bando humo, sauti juu, na msimulizi hachoki na sentensi yake: "Meli ilizidiwa uzito, ikazama." Awe anasimulia ajali ya Ziwa Victoria au ya Ulaya, sentensi ni hiyo hiyo.

Kuzama ni chombo kwenda chini ya maji. Kupinduka ni chombo kulala ubavu kikashindwa kujirudi, hata kama bado kinaelea. Basi. Titanic ilizama mwaka 1912: vyumba vya mbele vilijaa maji, ikachukua zaidi ya saa mbili na nusu kwenda chini, wala haikupinduka. Herald of Free Enterprise, feri ya abiria na magari, ilipinduka, Machi 1987, nje ya bandari ya Zeebrugge, Ubelgiji. Iliondoka milango ya mbele ikiwa wazi, maji yakaingia kwenye sitaha ya magari, na kwa kuwa sitaha ile ilikuwa wazi mwanzo hadi mwisho, yakakimbilia upande mmoja. Ndani ya dakika chache ililala ubavu kwenye fungu la mchanga, nusu yake ikiwa juu ya maji. Watu 193 walikufa.

Na huo "uzito" nao! Kwani mabaharia wa majahazi hawajui? Jahazi tupu hutiwa farumi (mawe au mchanga) chini kabisa ngamani, lisiende mrama. Yaani uzito unaongezwa kwa makusudi. Manowari Vasa ilipinduka Stockholm mwaka 1628 katika safari yake ya kwanza, haijafika hata kilomita mbili, kwa upepo usio wa kutisha: juu ilikuwa nzito mno kwa farumi iliyokuwa nayo. Kwa hiyo kuuliza tani ngapi hakutoshi, uliza zimekaa wapi. Magunia ya korosho yakiwa ngamani yanakituliza chombo. Yapandishe yote juu ya sitaha, chombo kikilala kidogo tu yanazidi kukilaza. Abiria ni shehena mbaya kuliko korosho, maana anatembea. Gati likionekana, wote wanahamia upande wa kushukia.

Sisemi kujaza kupita kiasi ni halali. MV Nyerere ilikuwa ya abiria 101, ikabeba zaidi ya mara mbili, ikapinduka Septemba 20, 2018 ikikaribia kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria. Lakini ilibaki tumbo juu, na siku mbili baadaye fundi wake mmoja alitolewa humo akiwa hai. Hewa iliyonaswa ndani ndiyo iliyomweka hai.

Hewa hiyo ndiyo sababu ya mimi kung'ang'ania tofauti hii. Mei 21, 1996, MV Bukoba ilipinduka karibu na Mwanza, ikaendelea kuelea kichwa chini, na ndani kulikuwa na watu wanagonga. Waokoaji wakatoboa chuma cha tumbo lake wawatoe. Hewa ikatoka, na kilichokuwa kinaifanya meli ielee kikaisha.

Kwa hiyo, ndugu msimulizi, ukirudia kisa hicho, sema ilipinduka asubuhi, na kwamba kuzama kulikuja baadaye, tundu lilipokwisha kutobolewa.