Nani Aliyeingiza Siasa Uwanjani? Historia ya Michezo na Rangi Afrika Kusini

Mwaka 1963, mjini Durban, mcheza gofu mwenye asili ya India aliyejulikana kwa jina la Papwa Sewgolum alishinda mashindano ya wazi ya Natal. Mvua ilikuwa ikinyesha. Wazungu aliowashinda walikuwa ndani ya jengo la klabu, naye mshindi alikabidhiwa kombe lake nje, mvuani, kwa sababu mtu wa asili yake hakuruhusiwa kuingia humo. Miaka miwili baadaye alilitwaa tena kombe hilohilo, safari hiyo akimshinda Gary Player, mmoja wa wacheza gofu bora duniani wakati ule. Serikali ikajibu kwa kumfungia milango ya mashindano makubwa.

Naanza na Sewgolum kwa sababu kila tunapowafundisha vijana habari za dunia kususia michezo ya Afrika Kusini, hutokea mmoja akauliza kama halikuwa kosa kuchanganya michezo na siasa. Ni swali la haki, ila linaianza hadithi katikati. Kabla mwandamanaji yeyote hajashika bango nje ya uwanja, siasa ilikuwa imeshakaa ndani, imepanga nani acheze, nani atazame, na anayetazama akae upande gani wa uzio.

Hapakuwa na sheria moja iliyotamka kwamba mweusi na mzungu wasicheze pamoja, wala haikuhitajika. Mwaka 1950 ilitungwa sheria ya kumwandikisha kila mtu kwa rangi yake, na mwaka huohuo nyingine ya kugawa maeneo ya kuishi kwa rangi. Mwaka 1953 ikaja ya kutenganisha huduma za umma. Ukishatenga mitaa, shule, mabasi, vyoo na majukwaa, timu ya mchanganyiko itabadilishia nguo wapi? Itasafiri vipi? Mwaka 1956 waziri wa mambo ya ndani, T. E. Dönges, akaiweka sera hadharani: kila rangi icheze peke yake, na wageni kutoka nje waheshimu utaratibu huo. Timu ya taifa ikabaki mali ya wazungu.

Afrika ililiona hili mapema. Kombe la kwanza la Mataifa ya Afrika lilichezwa Khartoum mwaka 1957 bila Afrika Kusini, kwa kuwa ilikataa kupeleka kikosi cha mchanganyiko. Wakubwa wa dunia walichelewa zaidi. New Zealand ilikubali kwenda kucheza raga Afrika Kusini mwaka 1960 ikiwaacha nyumbani wachezaji wake wa Kimaori, ingawa wananchi wengi walitia saini kupinga. Mwaka 1970 Wamaori waliruhusiwa kwenda, lakini wakiwa wamepewa hadhi ya "wazungu wa heshima".

Kisa kilichoigeuza Uingereza ni cha Basil D'Oliveira. Alizaliwa Cape Town, na kwa daftari la serikali alikuwa chotara, kwa hiyo kipaji chake cha kriketi hakikuwa na pa kwenda. Mwaka 1960 akahamia Uingereza, na kufikia 1966 alikuwa anaichezea timu ya taifa huko. Agosti 1968, katika uwanja wa Oval jijini London, alipata mikimbio 158 dhidi ya Australia. Hata hivyo, kikosi cha kwenda Afrika Kusini kilipotangazwa, jina lake halikuwemo. Malalamiko yakawa makubwa. Kisha Tom Cartwright akajitoa kwa sababu ya jeraha, D'Oliveira akaitwa kushika nafasi yake, na waziri mkuu John Vorster akatangaza kwamba timu hiyo haipokelewi. Ziara ikafutwa. Tangu hapo ilikuwa vigumu kwa mtu mkweli kudai kwamba wanaopinga ndio wanaoleta siasa. Kiongozi wa serikali alikuwa amekaa juu ya orodha ya wachezaji wa nchi nyingine na kukata jina.

Wakati timu ya raga ya Afrika Kusini inazuru Uingereza mwaka 1969 na 1970, maandamano yaliifuata karibu kila ilikokwenda. Miongoni mwa walioyaongoza alikuwa Peter Hain, kijana aliyezaliwa Nairobi na kukulia Pretoria, ambaye wazazi wake walilazimika kuihama Afrika Kusini kwa msimamo wao dhidi ya ubaguzi. Ziara ya timu ya kriketi ya Afrika Kusini huko Uingereza mwaka 1970 ilifutwa kabla haijaanza, na mwaka huohuo Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ikaifukuza Afrika Kusini.

Kwetu Afrika Mashariki, habari hii ina bei iliyolipwa na watu tunaowajua. Mwaka 1974 Filbert Bayi wa Tanzania alivunja rekodi ya dunia ya mita 1500 mjini Christchurch, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, akiongoza tangu mwanzo hadi mwisho, John Walker wa New Zealand akimfuata nyuma. Dunia nzima ilisubiri wakutane tena Montreal, Olimpiki ya 1976. Juni mwaka ule polisi waliwapiga risasi wanafunzi wa Soweto, na timu ya raga ya New Zealand ikaenda Afrika Kusini hata hivyo. Nchi za Afrika zikataka New Zealand izuiwe Montreal. Jibu likawa kwamba raga si mchezo wa Olimpiki. Zaidi ya nchi 20, karibu zote za Afrika, zikasusa. Bayi hakukimbia, na Walker akachukua dhahabu. Mike Boit wa Kenya, mshindi wa shaba ya mita 800 mwaka 1972, hakukimbia. John Akii-Bua wa Uganda, bingwa wa mita 400 kuruka viunzi, alikosa nafasi ya kutetea taji lake, na katika mashindano hayohayo Edwin Moses wa Marekani akaivunja rekodi yake ya dunia.

Watu hawa walitoa miaka ya ubora wao, ambayo mwanariadha haipati mara mbili, na wengi wao hawakuulizwa maoni. Naamini msimamo ule ulikuwa sahihi. Mwaka mmoja baadaye viongozi wa Jumuiya ya Madola walikubaliana kule Gleneagles, Scotland, kupinga uhusiano wa kimichezo na Afrika Kusini. Lakini tunapoandika historia ya ukombozi tunataja makambi ya wapigania uhuru na kuwasahau wanariadha, na hilo si haki.

Ndani ya Afrika Kusini kwenyewe, kiongozi wa kriketi Hassan Howa na baraza la michezo lisilo la kibaguzi lililoundwa mwaka 1973 walishika kauli moja: hapawezi kuwa na michezo ya kawaida katika jamii isiyo ya kawaida. Serikali ilipoanza kulegeza masharti na kuruhusu mechi za mchanganyiko, wao walikataa, kwa hoja kwamba baada ya filimbi ya mwisho mmoja anarudi kwenye kitongoji chake na mwingine kwenye mtaa wenye bustani. Na kule kisiwa cha Robben wafungwa wa kisiasa walidai haki ya kucheza mpira hadi wakaipata, wakaunda chama chao cha Makana, wakaendesha ligi kwa kufuata sheria za FIFA, wakiwa na marefa, barua rasmi na kamati za rufaa. Walikuwa wakijifunza kuendesha nchi.

Je, kususia kulisaidia? Vikwazo vya uchumi viliuma mfukoni, ila raga na kriketi viligusa kitu ambacho mzungu wa kawaida alikipenda. Machi 1992 wapiga kura wazungu waliulizwa kama mageuzi yaendelee. Wakati huohuo timu yao ya kriketi ilikuwa Australia na New Zealand, kwenye Kombe lake la kwanza la Dunia, na ilieleweka wazi kwamba kura ya hapana ingewarudisha kwenye kutengwa. Karibu asilimia 69 walisema ndiyo. Siwezi kusema kriketi ndiyo iliyoamua, lakini ilikuwemo.

Juni 24, 1995, siku ya fainali ya Kombe la Dunia la raga, Nelson Mandela aliingia uwanja wa Ellis Park jijini Johannesburg amevaa jezi namba 6 ya nahodha Francois Pienaar. Joel Stransky akapiga mkwaju katika muda wa nyongeza, Afrika Kusini ikaishinda New Zealand 15 kwa 12. Mandela alikuwa amefanya kazi ngumu ya kuwashawishi wenzake waiache nembo ya swala, ambayo weusi wengi waliichukia kiasi cha kuzishangilia timu pinzani. Heshima ile ilistahili. Ila katika kikosi kile mchezaji asiye mzungu alikuwa mmoja tu, Chester Williams. Dunia ikaondoka na picha nzuri, ikadhani kazi imekwisha.

Makhaya Ntini, Mwafrika mweusi wa kwanza kuichezea Afrika Kusini kriketi ya Test, yaani mechi rasmi za timu za taifa, aliingia mwaka 1998. Mwaka 2020 alieleza upweke wake ndani ya timu ile: hakuna aliyemgongea mlango waende kula, na mara nyingi alichagua kukimbia kutoka hotelini hadi uwanjani kuliko kupanda basi akae peke yake. Watu walimsifu kwa pumzi yake. Sheria za rangi zilikuwa zimefutwa miaka mingi, lakini kiti cha pembeni yake kilikuwa bado kitupu.

Hapa ndipo mjadala wa mgao wa nafasi huwa mkali. Wapo wanaosema kuwapangia weusi nafasi kunaharibu ubora. Wanaosema hivyo wakumbuke kwamba kwa miongo mingi nafasi zote 15 za timu ya raga zilipangwa kwa rangi, na hakuna aliyeziita mgao. Pia si kweli kwamba raga ni mchezo wa wazungu uliokopeshwa kwa weusi juzi. Kule Eastern Cape weusi wanaicheza tangu karne ya 19, kupitia shule za misheni.

Ndiko alikotoka Siya Kolisi, aliyezaliwa kitongoji cha Zwide Juni 16, 1991, siku moja kabla Bunge halijapiga kura kuifuta ile sheria ya kuandikisha watu kwa rangi. Kipaji chake kilionekana akiwa mdogo, akapata ufadhili wa kusoma Grey High School, shule yenye viwanja, walimu wa mchezo na chakula cha kutosha. Mwaka 2018 akawa nahodha wa kwanza mweusi wa timu ya taifa ya raga katika mechi za Test, kisha akaiongoza kutwaa Kombe la Dunia mwaka 2019 na 2023. Katika fainali ya 2019 walioanza ambao si wazungu walikuwa sita. Makazole Mapimpi, aliyefunga trai ya kwanza siku hiyo, alitoka shule ya kijijini isiyo na jina katika raga, na aliingia timu ya taifa akiwa na miaka 27, umri ambao wenzake wa shule tajiri wanakuwa wameshaichezea kwa miaka kadhaa. Wachezaji wengi wa timu ya taifa bado wanatoka katika shule chache zilizojengwa kwa ajili ya wazungu, na mtoto wa Zwide anayetaka kufika huko bado anahitaji mtu wa kumlipia ada.