Samaki 153: kwa nini Yohana alitaja idadi kamili?

Ukifika ufuo wa Dunga, Kisumu, asubuhi mapema mashua zinaporudi, utakuta hesabu tatu zinaendelea kwa wakati mmoja. Mbuta, yule samaki mkubwa wa Ziwa Victoria, ananing'inizwa kwenye mizani na karani anaandika kilo daftarini. Omena wanapimwa kwa gorogoro au debe, maana hakuna mwenye wazimu wa kuhesabu omena. Anayehesabiwa ni ngege, yaani tilapia. Kijana anainama, anashika mmoja kila mkono, anawatupa kwenye beseni la mama mnunuzi huku akitamka kwa Kijaluo: ariyo, ang'wen, auchiel, yaani mbili, nne, sita. Mama naye anahesabu kimoyomoyo, macho hayabanduki kwenye mikono ya kijana. Wakitofautiana kwa samaki mmoja tu, beseni linamwagwa na kazi inaanza upya.

Mimi hufundisha watoto Shule ya Jumapili, na swali lililonipeleka Dunga lilitoka kwa mtoto wa miaka tisa. Tulikuwa tunasoma Yohana 21. Wanafunzi saba wamevua usiku kucha bila kupata kitu. Kunapambazuka, mtu aliyesimama ufuoni anawaambia walitupe jarife upande wa kuume wa chombo, na linajaa hadi hawawezi kulivuta. Petro anapolifikisha nchi kavu, Yohana anasema lilikuwa na samaki wakubwa "mia na hamsini na watatu". Mtoto akanyoosha mkono: "Mwalimu, nani aliwahesabu?"

Swali zuri, kwa sababu Yohana yuleyule, mistari mitatu tu kabla ya hapo, anakadiria. Anasema chombo kilikuwa mbali na pwani "kama" dhiraa mia mbili. Watu walioshibishwa mkate na samaki ni "kama" elfu tano. Umbali anaukisia, umati anaukisia, ila akifika kwa samaki anakuwa mkali kama yule mama wa beseni. Kwa nini asiseme kama mia na hamsini akaendelea na safari?

Wasomi wamelishughulikia jambo hili kwa zaidi ya miaka 1,500. Yeronimo, aliyefariki mwaka 420, aliandika kwamba wataalamu wa viumbe wa Kigiriki walihesabu aina 153 za samaki, kwa hiyo jarife lile lilibeba mfano wa mataifa yote ya dunia. Maelezo matamu, lakini ukimsoma Oppian, mshairi wa samaki aliyemtaja, idadi hiyo huikuti. Na mtu wa Kisumu atacheka kidogo: ziwa letu peke yake lilikuwa na aina mamia za fulu, samaki wadogo wa humo, kabla mbuta hajaingizwa humo katika karne ya 20 na kuwamaliza wengi.

Augustino, askofu wa Hippo katika nchi inayoitwa Algeria leo, alikwenda njia ya hesabu. Chukua kalamu ujumlishe moja na mbili na tatu na nne, uendelee hivyo mpaka kumi na saba. Utapata 153 barabara. Na kumi na saba, kwake, ni Amri Kumi pamoja na vipaji saba vya Roho Mtakatifu. Watoto wangu walijumlisha ubaoni, na jibu lilipotokea darasa zima lilipiga kelele kana kwamba Gor Mahia wamefunga bao. Nikiri kwamba hata mimi nilisisimka. Lakini kuna jambo la kushuku hapa: nambari ni kitu laini, ukiikanda itatoa umbo lolote. Ukizidisha moja mara tatu kwa yenyewe, na tano hivyohivyo, na tatu hivyohivyo, unapata 1, 125 na 27. Jumla yake ni 153 tena. Hilo nalo lina maana gani? Hakuna, ni hesabu inacheza.

Maelezo yaliyonisumbua zaidi yanatoka kwa nabii Ezekieli. Waebrania wa kale, kama Wagiriki, walizoea kuandika namba kwa herufi zao wenyewe. Herufi ya kwanza ni moja, ya pili ni mbili, ya kumi ni kumi, kisha zinakwenda ishirini, thelathini na kuendelea. Maana yake kila jina lina jumla yake, kama vile kila mtu ana namba ya simu. Sasa, Ezekieli 47 inaeleza maono ya maji yanayotoka hekaluni na kuiponya Bahari ya Chumvi hadi ikajaa samaki, na wavuvi wanasimama kando yake wakianika nyavu "toka En-gedi mpaka En-eglaimu". En ni chemchemi. Herufi za Gedi zinaleta 3, 4 na 10, jumla 17. Herufi za Eglaimu zinaleta 70, 3, 30, 10 na 40, jumla 153. Kumi na saba na mia na hamsini na tatu, namba mbili zilezile za Augustino, katika mstari mmoja unaozungumza juu ya wavuvi, nyavu na samaki wengi. Nilipolihesabu mara ya kwanza nilikaa kimya kidogo.

Basi tutajuaje kama mwandishi wa Biblia ametaka namba iseme kitu, au amehesabu tu? Kwangu mimi njia ya haki ni kutazama wanafanyaje wanapotaka iseme, kwa sababu hawafichi.

Mathayo anaanza Injili yake kwa ukoo wa Yesu na kuugawa mafungu matatu ya vizazi kumi na vinne. Ili hesabu itimie, aliruka wafalme watatu, Ahazia, Yoashi na Amazia, ambao wamo katika orodha ya 1 Mambo ya Nyakati 3. Fungu la mwisho nalo, ukihesabu majina kwa kidole, unapata kumi na tatu. Mtu wa rejista angemrudishia fomu. Lakini wasomi wengi wanaona sababu katika jina la Daudi, ambalo kwa Kiebrania lina herufi tatu: 4, 6 na 4. Kumi na nne. Mathayo anataka msomaji asikie Daudi, Daudi, Daudi, na ili asipitwe, katika 1:17 anaziandika kumi na nne zote tatu waziwazi.

Kitabu cha Ufunuo kinafanya vivyo hivyo. Hakitaji 666, namba ya mnyama, kikapita. Kinamwambia mwenye akili aihesabu, kwa kuwa ni hesabu ya mwanadamu. Yaani kuna jina la kujumlishwa. Ukiandika "Neroni Kaisari" kwa herufi za Kiebrania unapata 666, na ukiondoa ile "n" ya mwisho ya Neroni, kama Walatini walivyomwita, unapata 616, ambayo ndiyo namba inayoonekana katika baadhi ya nakala za kale za Ufunuo. Nero ndiye mfalme wa Rumi aliyewatesa Wakristo. Nililitamani somo hili liwe redioni mwaka 2019, Huduma Namba, ule usajili wa serikali ya Kenya, ilipokuja na watu wazima wakawa wanaikimbia kadi wakiamini ni chapa ya mnyama.

Saba nayo ina siri yake, na siri hiyo iko ndani ya lugha. Kijaluo kinaiita abiriyo, ambayo ni abich na ariyo, yaani tano na mbili. Hakuna uchawi, ni vidole. Kwa Kiebrania saba ni sheva, na neno hilo linachangia herufi za mzizi na neno la kula kiapo. Ndiyo maana Mwanzo 21 inasimulia kwamba Abrahamu na Abimeleki walipogombea kisima, Abrahamu alitenga wana-kondoo wa kike saba kuwa ushahidi, wakaapa, na mahali pakaitwa Beer-sheba: kisima cha saba na kisima cha kiapo kwa pumzi moja. Kila mama anayeitwa Elizabeti anabeba mzizi huohuo katika jina lake. Na saba yetu ya Kiswahili tuliyoipata kwa Waarabu ni binamu wa sheva, kwa hiyo utingo wa stendi anayeita "saba, saba wanahitajika!" anatamka neno ambalo Abrahamu angelisikia nusu. Wabantu wa zamani walikuwa na lao, mfungate, na bado tunalo bila kujua: bibi na bwana harusi wanapokaa fungate, asili yake ni siku saba. Labani naye alimwambia Yakobo aitimize juma la bibi harusi kwanza, ndipo apewe Raheli.

Ukishajua hivyo, unaelewa Petro alipouliza kama amsamehe ndugu yake hata mara saba alidhani ametoa kiwango cha kutosha kabisa. Jibu la "saba mara sabini" linagonga mahali pengine, kwa Lameki wa Mwanzo 4, aliyejigamba kwamba Kaini akilipiwa kisasi mara saba, yeye atalipiwa mara sabini na saba. Yesu anaichukua hesabu ya kisasi na kuifanya hesabu ya msamaha.

Arobaini haihitaji maelezo marefu kwa Mswahili. Siku za mwizi ni arobaini, na mzazi anatoka ndani arobaini ikiisha. Mambo ya Walawi 12 inampa mama wa mtoto wa kiume siku saba na thelathini na tatu, ziunganishe mwenyewe. Gharika, Musa mlimani, Eliya njiani, Yesu jangwani: ni muda wa kungoja mpaka jambo litimie. Jamii nyingine zina namba zao. Kwa Wajaluo mtoto wa kiume alitolewa nje siku ya nne na wa kike siku ya tatu. Na wazee wa Kikuyu kule Nakuru hawapendi kuhesabu watoto wa mtu. Binti za Mumbi, mama wa Wakikuyu wote katika masimulizi yao, walikuwa kumi lakini wanaitwa "kenda muiyuru", tisa waliojaa. Daudi alipohesabu watu katika 2 Samweli 24, tauni ilifuata.

Kuna hesabu moja ambayo sisi tunaisoma vizuri kuliko Wazungu, nayo ni saa. Yesu aliketi kisimani Samaria yapata saa sita, na giza lilikuwa juu ya nchi tangu saa sita hata saa tisa. Msomaji wa Kiingereza inabidi atoe na kujumlisha. Sisi tunaona tu mchana wa jua la utosi, kisha alasiri, kwa sababu tunahesabu kutoka macheo kama walivyohesabu wao, na hapa Kisumu karibu na ikweta jua halitudanganyi mwaka mzima.

Turudi kwa samaki. Yohana naye ana tabia yake: akitumia neno la Kiebrania humtafsiria msomaji wake Mgiriki. Rabi, maana yake mwalimu. Siloamu, maana yake aliyetumwa. Kama angetaka tujumlishe herufi za Eglaimu, nadhani angetugusa bega. Hakutugusa. Hasemi "hapa ndipo penye hekima", hajaigawa namba mafungu, hairudii popote. Anasema tu kwamba ingawa walikuwa wengi hivyo, jarife halikupasuka, na hilo ni neno la mvuvi anayeijua bei ya nyavu. Samaki wenyewe huenda walikuwa jamaa ya ngege. Yule anayeitwa samaki wa Petro huko Galilaya ni wa ukoo mmoja naye, na anapatikana pia Turkana.

Mjadala huu wote nilimpelekea mzee mmoja wa Dunga aliyekuwa ameketi anashona nyavu. Augustino hakumgusa sana. Aliniuliza walikuwa wangapi kwenye chombo.

"Saba, mzee."

Akatazama majini kidogo. "Basi kila mtu ishirini na mmoja. Wanabaki sita."

"Na hao sita?"

"Si walikuwa na njaa? Umesema walikesha."

Nilifungua Biblia. Kweli, kabla ya kuwaita wafungue kinywa, Yesu anawaambia walete baadhi ya samaki waliowavua. Nikafurahi, nikadhani nimepata jibu la kumpelekea mtoto. Mzee akaninyooshea sindano ya nyavu. Alitaka kujua chombo kilikuwa cha nani, kwa sababu mwenye chombo ana fungu lake, na mwenye nyavu naye lake, na bila kulijua hilo hesabu ya ishirini na mmoja haisimami.

Nilipekua sura yote ya 21 nikiwa nimesimama pale pale. Yohana, aliyekumbuka samaki mmoja mmoja, hilo hakuliandika.