Amplifaya ya valvu: yanayosemwa Unguja na ukweli wake

Amplifaya ya gitaa ya valvu, yaani yenye taa za kioo za kukuza sauti badala ya transista, ya zile zinazoundwa moja moja kwa mkono katika karakana ndogo za Marekani na Uingereza, aghalabu huingia Unguja ikiwa mzigo wa mgeni au wa jamaa anayerudi kutoka ng'ambo. Inapowashwa mara ya kwanza, hazipiti dakika tano kabla ya kila mtu kutoa hukumu yake. Nyingi ya hukumu hizo zinatokana na kuipima kama tunavyopima vyombo vya muziki wa harusini.

Ya kwanza ni ya wati. "Wati 15? Hii si redio tu!" Tumezoea spika zilizobandikwa wati 1,000, kwa hiyo mshangao unaeleweka, lakini wati na sauti haviendi sambamba hivyo. Ukizidisha nguvu mara mbili unapata desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 3 tu, tofauti ambayo sikio linaitambua bila kushtuka. Ili sauti isikike kama imekua maradufu, nguvu inatakiwa izidishwe mara 10 hivi. Maana yake, amplifaya ya wati 150 inasikika maradufu tu ya ile ya wati 15, si mara kumi. Na spika yenyewe ina usemi: spika inayotoa desibeli 100 kwa wati moja inaipita ya desibeli 94 kwa kiasi ambacho ungehitaji kuongeza nguvu mara nne ili kukifikia. Freddie Mercury alizaliwa hapa hapa Mji Mkongwe mwaka 1946. Mpiga gitaa wa bendi yake ya Queen, Brian May, anajulikana kwa amplifaya za valvu za Vox AC30, ambazo kila moja ni ya wati 30. Hakuna aliyewahi kulalamika kwamba hamsikii. Kwenye jukwaa kama la Ngome Kongwe maiki inawekwa mbele ya spika na kazi ya kufikisha sauti kwa watu inabaki kwa mitambo mikubwa.

Shida ya kweli Mji Mkongwe ni ya upande wa pili. Chumba cha mazoezi chenye kuta za mawe na dari ya boriti kinarudisha kila kitu. Wati 15 humo ndani ni nyingi, na wenzako watakuomba upunguze kabla valvu hazijaanza kufanya kile zilichonunuliwa kukifanya.

Nacho ndicho kinachozaa hukumu ya pili: "Yakhe, spika hii imechanika." Haijachanika. Valvu ikisukumwa kupita uwezo wake haikatai ghafla. Inaanza kukata vilele vya mawimbi polepole, na sauti inapasuka. Masikio yaliyolelewa na taarabu yanataka gitaa safi, kwa hiyo mtu wa miksa anakimbilia kupunguza. Kabla hajafika, mwambie asikilize jambo moja. Usiguse kitu kwenye amplifaya. Gusa nyuzi kwa ncha ya kidole, sauti itatoka safi kabisa. Zipige kwa nguvu, itakwaruza. Kisha shusha volyumu ya gitaa lenyewe kidogo, na mikwaruzo itaondoka. Spika iliyochanika haina adabu ya namna hiyo.

Halafu lipo hili la joto. Eti hali ya hewa ya visiwani itaiua. Kioo cha valvu ya nguvu, ile kubwa inayosukuma spika, hupita nyuzijoto 100 kirahisi kikiwa kazini. Jua letu la Februari halikibabaishi, mradi mgongo wa amplifaya usibanwe ukutani. Hewa ya chumvi inakula zaidi jeki, soketi za valvu na swichi, navyo husafishika. Kinachoua ni umeme. Amplifaya iliyotengenezwa kwa soko la Marekani inataka volti 120. Ichomeke kwenye soketi yetu ya volti 230 na safari yake imeishia hapo. Soma kibandiko cha nyuma kwanza. Hata ukitumia transfoma ya kushushia volti, kumbuka kwamba haibadilishi hezi, yaani mizunguko ya umeme kwa sekunde: umeme wetu ni wa hezi 50, wa kwao ni 60, na transfoma ya ndani iliyopigiwa hesabu ya 60 peke yake itachemka zaidi kwetu. Mwulize muuzaji swali hilo kabla ya kuulizia rangi.

Tangu giza la kukatika umeme la 2008, na lile la miezi mitatu lililoanza Desemba 2009, wenye bendi wa Unguja wanayajua majenereta. Jenereta linalopanda na kushuka ni adui, na umeme unaporudi kwa kishindo ni adui mkubwa zaidi. Ukikatika, zima swichi papo hapo, na stabilaiza nzuri ya kutuliza volti si anasa.

Mwanga wa buluu unaocheza kwenye kioo cha valvu ya nguvu huwatisha wengi. Kwa kawaida hauna ubaya wowote. Wasiwasi uwe pale bati la ndani linapowaka jekundu, au ile rangi ya fedha ya kichwani inapogeuka nyeupe kama maziwa, maana hapo hewa imeingia na valvu imekufa.

Mawili yafuatayo sitayafanyia mzaha. Kuna wanaoamini kwamba kuiwasha bila spika hakudhuru, kwa kuwa amplifaya nyingi za transista zinavumilia. Ya valvu haivumilii: ukipiga gitaa bila spika, volti hupanda ndani ya transfoma ya kutolea sauti na inaweza kuungua. Na mafundi wa redio wanaodhani kuchomoa plagi kunatosha wajue kwamba ndani mna volti 300 hadi 450 na zaidi, na kapasita, vile vipande vinavyohifadhi umeme, zinaweza kuzishikilia hata baada ya waya kutoka ukutani. Zinapaswa kumwagwa umeme na kupimwa kwa mita kabla kidole hakijaingia.

Bei je? Wengi wanaamini kwamba bei kubwa ni siri ya sauti. Siri hakuna. Amplifaya ya Marshall ya kwanza, iliyotoka London mwaka 1962, ilifuata karibu kila kitu mchoro wa Fender Bassman, amplifaya ya Kimarekani, na karakana nyingi za leo bado zinachota kwenye visima hivyo. Unachokilipia zaidi ni saa za fundi na transfoma nzuri. Lakini kwetu kuna faida moja ambayo watangazaji hawaisemi sana: waya zikiwa zimelehemiwa moja moja, fundi anaiona kila rizista na anaweza kuibadilisha hapa hapa. Valvu zenyewe bado zinatengenezwa Urusi, Slovakia na China, ila usitegemee kuziokota sokoni Darajani; agiza za akiba mapema. Habari ya kuzibadilisha zote kila mwaka ipuuze. Zile ndogo za mwanzo, zinazopokea sauti ya gitaa, hudumu miaka, za nguvu huchoka kwa kadiri unavyozifanyisha kazi.

Dhana inayodanganya kuliko zote ni kwamba sikio la kwanza halikosei. Watafiti Fletcher na Munson walionyesha mwaka 1933 kwamba sauti ikiwa kubwa tunasikia besi na trebo kwa wingi zaidi. Kwa hiyo ukizilinganisha amplifaya mbili, iliyo juu kidogo itashinda hata kama ni mbovu. Sawazisha ukubwa wa sauti zao kwanza. Kisha ile uliyoichagua ipeleke kwenye bendi, kwa sababu ile besi nene iliyokupendeza ukiwa peke yako chumbani itapigana na gitaa la besi, na kinanda kitakufunika. Punguza besi kuliko unavyopenda, ongeza sauti za kati, na mwombe mtu asimame mwisho wa ukumbi akuambie kama anakusikia.