Treni zilivyotoweka Daraja la Brooklyn

Mtu anayevuka kwa miguu Daraja la Brooklyn, jijini New York, huona magari yakipita chini yake kulia na kushoto, akadhani daraja lilijengwa kwa ajili ya magari. Sivyo. Lilifunguliwa Mei 1883, zama za farasi, na Septemba mwaka huohuo likawa na reli yake: mabehewa yaliyong'ang'ania kebo iliyozunguka bila kusimama, ikivutwa na mashine za mvuke upande wa Brooklyn.

Mwaka 1898 Brooklyn ikaunganishwa na New York kuwa jiji moja. Mwaka huo tramu, treni ndogo za barabarani, zikaanza kuvuka, na treni za reli ya juu, zile zilizopita juu ya barabara kwa kimo cha ghorofa, zikaunganishwa moja kwa moja hadi kituo cha Park Row, upande wa Manhattan. Kufikia 1907 daraja lilivusha zaidi ya watu 400,000 kwa siku. Jioni, Park Row palikuwa hapapitiki kwa msongamano.

Kwa nini basi reli hiyo ikafa? Sisi tunaofundisha usafiri wa mijini husikia gari binafsi likilaumiwa kwanza. Mimi huanza na uzito. Mabehewa ya reli ya juu yalikuwa ya mbao, mepesi, yenye vibaraza wazi kila mwisho. Kondakta alisimama nje, katikati ya mabehewa mawili, mvua au theluji, akivuta wenzo wa mageti huku na huku kila kituo. Treni za chini ya ardhi zilikuja za chuma, na daraja la 1883 halikujengwa kubeba mzigo huo. Zikapewa njia nyingine: handaki chini ya East River, mto unaovukwa na daraja hilo, mwaka 1908, Daraja la Manhattan lililofunguliwa 1909, na mahandaki zaidi mwaka 1920. Treni hizo zilimfikisha abiria katikati ya Manhattan. Ile ya zamani ilimshusha Park Row, akatafute usafiri mwingine. Ungekuwa wewe ungepanda ipi?

Abiria wakapungua mwaka hadi mwaka. Mwaka 1940 jiji lilinunua kampuni ya BMT, iliyoendesha treni hizo, na mwaka huohuo reli ya juu ya Fifth Avenue ya Brooklyn ikafungwa pamoja na sehemu kubwa ya ile ya Fulton Street. Machi 1944 treni ya mwisho ikavuka. Tramu zilihamia kwenye reli zilizoachwa, nazo zikaondolewa 1950. Mhandisi David Steinman akasimamia ukarabati uliokamilika 1954, daraja likabaki na njia 6 za magari.

Hapa ndipo hasara inaponiuma. Leo hupita magari mengi kila siku, lakini watu wanaovushwa hawafikii wale wa 1907. Mwaka 2021 njia moja ya magari iliondolewa ikapewa baiskeli, na sasa zimebaki 5.