“Fundi, na turbo ipige grisi”

Nikiambiwa mara nyingine tena, “Fundi, ukimaliza krosi na bolijointi, na turbo nayo ipige grisi kidogo maana inapiga mluzi,” nitachora bango nilitundike mlangoni. Kabla ya bango, nimeona niandike.

Dhana: turbo hupigwa grisi kama krosi za propela

Turbo ya gari lako, ile feni ya mapanga inayozungushwa na gesi ya egzosi ili kuisukumia injini hewa zaidi, iwe ya Forester, Prado au Hilux, haina nipo, yaani kichuchu cha kupigia grisi. Si kwamba waliotengeneza walisahau. Shafti yake huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na turbo ndogo hupita 200,000. Kwa kasi hiyo shafti haitakiwi kugusana na beringi kabisa. Inaelea kwenye utando mwembamba wa oili ya injini inayosukumwa na pampu. Oili hiyo hiyo ndiyo inayobeba joto na kulirudisha kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, maana upande wa egzosi, kwa injini ya petroli, gesi inaweza kukaribia nyuzi 1,000 za Selsiasi. Grisi haizunguki, kwa hiyo hakuna joto inaloondoa. Ukiisukumia kwenye tundu la oili inaziba njia, inaungua na kugeuka masizi magumu, na shafti inaanza kula beringi. Nimefungua turbo za namna hiyo, na mwenye gari anaapa kwamba ilitoka kufanyiwa sevisi.

Na mluzi je? Kagua kwanza mipira ya kati ya turbo na intakula (kipoza hewa). Mara nyingi utakuta klempu imelegea au mpira umechanika. Bisibisi na dakika chache, basi.

Hapo ndipo yule aliyepita kidogo mtandaoni anaponiuliza: mbona zipo turbo zisizotumia oili? Zipo. Zimetengenezwa Marekani, na soko lake kubwa ni magari ya mashindano na yale ya kuundiwa upya. Beringi zake ni za gololi za seramiki, zimejazwa grisi maalumu ya kuhimili joto, na hakuna paipu ya oili inayoingia wala kutoka. Wanaozipenda zaidi ni wanaofunga turbo nyuma kabisa, chini ya uvungu wa gari, mahali ambapo oili isingerudi kwenye sampu bila pampu ya ziada.

Lakini “haina oili” watu wanaisikia kama “haina sevisi”, na hapo ndipo naishiwa subira. Grisi nayo huzeeka. Joto linaitenga, mafuta yake yanavuja na kukauka, kinachobaki ni ukoko. Ndiyo maana mtengenezaji hutaja muda wa kuiongeza, na gari la mashindano haliwezi kusubiri sawa na la kwenda kazini. Fuata kitabu cha turbo hiyo hiyo uliyonunua, si cha rafiki yako.

Dhana ya pili kuhusu turbo hizi ni mbaya zaidi: “grisi ni grisi, na ikiwa nyingi ndiyo salama.” Grisi ya beringi za magurudumu haina kazi humo. Ukichanganya ya lithiamu na ya poliurea, zinaweza kukataana, mchanganyiko ukalainika na kutiririka kama uji. Ukijaza kupita kiasi, gololi zinaikoroga, na kule kukoroga kwenyewe kunazalisha joto. Kinachotakiwa ni bomba la sindano, kipimo kilichoandikwa na grisi iliyotajwa kwa jina. Ukishaweka, zungusha shafti kwa vidole, polepole, ienee. Tafadhali usiizungushe kwa upepo wa kompresa ili usikie inavyolia! Huo ni mchezo wa kuharibu turbo ya aina yoyote.

Halafu, seramiki si leseni ya kuondoa paipu ya oili. Turbo nyingi za kampuni ya Garrett zenye beringi za gololi bado zinatumia oili ya injini, ila kidogo, kupitia tundu dogo la kupunguza mtiririko.

Dhana: turbo imekufa, leta nyingine

Nani kaiua? Usipojibu swali hilo, mpya itaifuata ya zamani. Kwenye baadhi ya Subaru za injini ya EJ, ndani ya bolti ya paipu ya oili kuna kichujio kidogo cha wavu. Kikiziba, turbo inakosa oili huku taa ya dashibodi imetulia. Kwenye Toyota za injini ya dizeli ya 1KD, washa za shaba za nozeli zikivujisha, masizi yanaingia kwenye oili na kuziba wavu wa pampu ndani ya sampu. Hapo hata injini iko hatarini, turbo imetangulia tu. Mimi humwambia kila mteja: oili kila kilomita 5,000, filta mpya kila mara, na silikoni isiguse kabisa mdomo wa paipu ya turbo. Kipande chake kikimeguka, kinakwenda kukaa palepale penye tundu jembamba.

Dhana: shafti ikicheza, turbo imekwisha

Mafundi wasio waaminifu wanaipenda sana hii. Turbo ya beringi za kuelea, ikiwa kavu, hucheza kidogo kwenda pembeni, ndivyo ilivyo. Tilia shaka pale inapocheza kwa kuingia na kutoka, au mapanga yakionyesha alama za kukwaruza nyumba yake.

Dhana: moshi wa bluu ni turbo

Huenda. Angalia kwanza paipu ya kurudisha oili kama imeziba au imepindwa, na bomba la pumzi la injini. Oili isipopata njia ya kushuka, itatokea kwenye mapanga hata turbo ikiwa mpya.

Dhana: bila taima (kifaa cha kuchelewesha injini kuzimika) huwezi kuzima gari la turbo

Ukitoka kupanda mlima Kitonga na mzigo, ukasimama Ilula kula, iache ingurume taratibu dakika moja au mbili. Ukitoka sokoni, zima ushuke.