Kusomea sanaa ya gemu si kwenda kucheza gemu

Mzazi wa Arusha akisikia mwanawe anataka kusomea sanaa ya gemu chuo kikuu, picha inayomjia ni kile kibanda cha mtaani kilichojaa vijana wameshika pedi. "Ada yangu ukachezee gemu?"

Sivyo. Mwanafunzi huyo anachora kwanza: misuli ya binadamu, mwanga, kivuli. Kisha anaingia kwenye kompyuta. Tuseme anaunda genge la mboga la Soko la Kilombero. Analijenga kwa pembetatu ndogondogo, na kila moja ni mzigo, kwa sababu mashine huchora picha upya mara 30 au 60 kwa sekunde. Akizijaza kupita kiasi, gemu inakwama. Halafu analipaka: kutu ya bati, vumbi la kiangazi, mbao zilizopauka. Siku kadhaa za kazi, na mchezaji atalipita mbio bila hata kuligeukia!

Wengine wanadhani cheti peke yake kinaleta ajira. Studio zinazotengeneza gemu hutaka kuona kazi zako, na chache safi hushinda lundo la kulipua. Kwa hiyo sioni haja ya kungoja udahili. Blender, programu ya kuundia maumbo kama hayo kwenye kompyuta, ni ya bure, msimbo wake uko wazi tangu 2002. Anza na kigoda cha bibi.